Unasali Wapi?

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika kwetu Mbulu, nikuonye mapema. Ukishuka kwenye basi pale stendi, ukapata mwenyeji na kikombe cha chai, utaulizwa maswali matatu. La kwanza: umetoka wapi? La pili: wewe ni mtoto wa nani? La tatu, na hili ndilo lenye uzito: unasali wapi?

Usije ukajibu eti "nasali chumbani kwangu kabla ya kulala". Watakucheka, kisha watakuuliza tena polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Wanachotaka ni jina. Roma. Lutheran. Pentekoste. Sabato. Ukishasema "nasali Roma", basi, yameisha. Hakuna atakayetaka kujua kama leo umepiga magoti, au kama mara ya mwisho kumwambia Mungu neno ilikuwa siku ya mtihani. Wamekwisha kujua ni nani watakuja kukutazama ukiugua, na ni nani watakaochimba kaburi lako.

Mimi ni kijana wa kidato cha nne tu. Sina digrii ya lugha wala ya dini. Nina riwaya ninayoiandika kwenye madaftari, na riwaya hiyo imekwama katika sura ya tatu kwa sababu ya neno hili moja, kusali. Badala ya kuendelea kulikodolea macho daftari, nimeona niandike kwanza habari za neno lenyewe, limetoka wapi na limefikaje kwetu. Huenda na wewe mwandishi mwenzangu una neno lako lililokukwamisha.

KAUNTA BUKU

Mwaka 2019 babu yangu mzaa baba alifariki. Sisi tulimwita Aako, kama Wairaqw wanavyowaita babu zao. Utotoni alibatizwa na wamisionari, akajifunza katekisimu kwa Kiswahili ambacho hata mama yake mzazi hakukielewa. Baadaye akaoa mke wa pili, akazuiliwa meza ya Bwana, naye akaamua kubaki nyumbani. Tangu hapo, kwa miaka zaidi ya 40, hakukanyaga kanisani isipokuwa kwenye harusi na misiba ya watu.

Lakini kila alfajiri, mimi ni shahidi, Aako alitoka nje na blanketi lake begani. Alisimama mlangoni akielekea mashariki, akangoja jua lichomoze, akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Alitaja mvua, akataja ng'ombe, akatutaja sisi wajukuu mmoja mmoja kwa majina. Kisha alitema mate kidogo, kama wazee wanavyofanya wakibariki, akaenda kufungua zizi. Baridi ya Mbulu mwezi wa saba si ya mchezo, lakini sikumbuki siku aliyokosa.

Siku ya msiba akaja mzee wa kanisa, kanisa lenyewe nisilitaje, na kaunta buku kwapani. Baba alikuwa kaburini pamoja na wachimbaji, hivyo nikaitwa mimi.

"Kijana, marehemu alikuwa anasali?"

"Ndiyo, mzee. Kila siku asubuhi."

"Nauliza alikuwa anasali wapi."

"Hapo mlangoni."

Shangazi akanivuta shati. Mzee hakukasirika. Alifungua kaunta buku lake, akapitisha kidole toka juu mpaka chini, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jina hakuna. Namba ya bahasha ya ahadi hakuna. Akalifunga.

"Basi alikuwa hasali," alisema, tena kwa huruma.

Jeneza la Aako halikuingia kanisani.

Alikuwa hasali. Hiyo ndiyo sentensi iliyonishinda katika sura ya tatu. Kila nikiiandika naona ni uongo, maana nilimwona kwa macho yangu. Kila nikiandika kinyume chake, naona kijiji chote kitanicheka, maana kwa Kiswahili chetu mzee yule alisema kweli tupu. Sasa neno moja linawezaje kuwa kweli na uongo kwa mtu mmoja?

NENO LILILOVUKA BAHARI

Kusali si neno la kwetu. Wala si la Wazungu. Lilitoka pwani, na pwani walilipata kwa Waarabu. Muislamu wa Unguja au Lamu analiandika na kulitamka "kuswali", na kwake ni tendo lenye mwili: unatawadha, unaelekea Makka, unasimama, unainama, unasujudu, mara tano kwa siku. Hata huko pwani neno lilikwisha kuwa kipimo cha tabia. Ukisikia "fulani haswali", haina maana kwamba sasa hivi hayuko kwenye mkeka. Maana yake ni kwamba mtu huyo ameacha desturi.

Lakini safari haikuanzia kwa Waarabu. Wataalamu wa lugha za Mashariki ya Kati wanasema neno hilo la Kiarabu lenyewe lilitokana na Kiaramu, lugha aliyozungumza Yesu, na kwamba Wakristo wa Siria walikuwa wakilitumia kwa sala zao kabla Uislamu haujaanza. Angalia maajabu hayo! Neno lilikuwa kwa Wakristo, likawa la Waislamu, likapanda jahazi, likashuka pwani yetu, halafu likachukuliwa tena na Wakristo.

Wakristo hao ni akina nani? Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Askofu Tozer na Edward Steere walifika Unguja mwaka 1864, na Steere akatoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Watu hawa walikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na maneno ya dini, na mengi yalikuwa yamepita msikitini: imani, dhambi, ibada, baraka, Injili. Wangeweza kubuni mapya. Wakaona ni heri kutumia yaliyopo. Ndiyo sababu leo Mkristo wa Mbulu anasema "naenda kusali Jumapili", na hajui kwamba hata hiyo Jumapili ni siku ya pili kwa hesabu inayoanza baada ya Ijumaa.

Kwenye bara mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Buganda, walikofika Waanglikana mwaka 1877 na Mapadri Weupe mwaka 1879, wafuasi wa dini mpya waliitwa wasomaji. Huyo anasoma, yaani ni Mkristo. Na kwa kweli walikuwa wakisoma, kwa kuwa dini ilikuja pamoja na herufi. Wazee wetu nao wanalo neno hilo. Aako akisimulia ujana wake hakusema "nilipokuwa najiandaa kubatizwa". Alisema "nilipokuwa nasoma". Kwanza mtu alisoma. Akishabatizwa, akawa anasali.

NCHI YA LUGHA NYINGI

Sasa tuje nyumbani. Wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, ni mahali pa ajabu kwa mtu anayependa lugha. Kuna Kiiraqw, ambacho ni Kikushi. Kuna Kidatooga cha wafugaji wanaouzunguka Mlima Hanang, nacho ni Kiniloti. Kuna Kinyaturu, Kinyiramba na Kirangi, ndugu za Kiswahili. Na upande wa Yaeda kuna Kihadza chenye sauti za vidoko, ambacho wataalamu wengi siku hizi wanakiona hakina ndugu duniani. Wewe ukipita mnadani Katesh unaweza kusikia zaidi ya lugha tatu kabla hujanunua nyama.

Na kila watu walikuwa na namna yao ya kusema na Mungu. Kwa Wairaqw Mungu ni Lo'a, ambaye ni jua, na tena ni mama. Chini, kwenye chemchemi na mito, kuna netlaang, nao si wa kuchezea. Wadatooga wanamwita Aseeta, jina linalohusiana na jua vilevile. Kiiraqw kina kitenzi firiim, kuomba, ambacho unaweza kukitumia kwa Mungu na kwa jirani anayekuazima jembe. Halafu kuna slufay, maombi marefu ya mzee yenye mpangilio wa kishairi. Mzee anaongoza, watu wanaitikia, anaomba baraka na kufukuza mabaya. Slufay haiwezi kufanywa na mtu peke yake. Bila waitikiaji hakuna slufay. Hilo tulishike, tutarudi kwalo.

Walipokuja Mapadri Weupe zamani za Wajerumani, na Wapallotini kutoka Ireland waliopokea kazi yao baadaye, na Walutheri wa Norwe baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wote walikuta msitu huo wa lugha. Wapo waliojifunza Kiiraqw vizuri sana. Lakini mtu hawezi kuendesha jimbo zima kwa lugha nyingi hivyo. Mbulu ilifanywa Jimbo Katoliki mwaka 1953. Hospitali ya Haydom ya Walutheri ilifunguliwa mwaka 1955, na wagonjwa wakaanza kumiminika kutoka kila kabila. Lugha ya kuwakusanya watu hao ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo neno kusali lilifika kwetu kama mgeni, na mgeni huyo alikuja na jengo, kengele, benchi na kitabu cha majina.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha mambo. Mtu wa pwani alilijua neno kabla ya kuona kanisa. Sisi tulipewa neno na kanisa kwa pamoja, siku moja, mkono mmoja. Alichofanya Aako mlangoni kilikuwa na jina lake la Kiiraqw. Kilichofanyika kule kwenye benchi ndicho kilichoitwa kusali. Tangu mwanzo, kwetu sisi, neno hilo lilikuwa na anwani.

ANACHEZA SIMBA

Tazama sasa Kiswahili kilivyolipokea. Sarufi ya shuleni inasema ukitaka kuonyesha mazoea tumia "hu": husali, hula, hulala. Mtaani nani anasema hivyo? Tunasema anasali. Ukiongeza "wapi", basi umetoka kwenye tendo, umeingia kwenye uanachama.

Fikiria mpira. "Fulani anacheza Simba." Je, yuko uwanjani sasa hivi? Hapana, pengine yuko nyumbani anakula wali. Pengine amekaa benchi msimu mzima na hajagusa mpira. Lakini anacheza Simba, jezi anayo, jina limesajiliwa. Vivyo hivyo "anasoma Mkwawa", hata kama sasa hivi amelala bwenini. Na vivyo hivyo "anasali Lutheran". Hatuweki hata neno "katika" wala "kwenye". Tunabandika jina la kanisa palepale kama jina la timu.

Na usajili wenyewe si wa mzaha. Mapadri Weupe walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba anayetaka ubatizo afundishwe kwa miaka minne. Ndipo jina linaandikwa. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kuzitilia mkazo jumuiya ndogondogo za Kikristo, watu wa nyumba chache wanaosali pamoja na kujuana kwa majina. Madhehebu mengine nayo yana mitaa yao, bahasha zao, namba zao. Siku hizi mtu anaweza kuulizwa maswali mawili: unasali wapi, na jumuiya gani?

Neno likishakaa hivyo, linazaa. Msichana akileta mchumba, mama yake hamuulizi kwanza mshahara. "Anasali wapi?" Kijana akianza kulewa, wanasema "siku hizi hasali". Akihamia kwa walokole, "siku hizi anasali kule". Katekista yeye "anasalisha". Na ukifa, linafunguliwa kaunta buku.

MWALIMU

Usifikiri nimekuja kulisema vibaya kanisa. Jioni ya msiba ule, watu walipokwisha kutawanyika, alikuja katekista wa hapo kwetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu. Hakuja na kanzu. Alikuja na koti lake la kawaida, akakaa na sisi kwenye moto kama jirani. Nilikuwa na hasira, nikamuuliza bila hata kumpa shikamoo sawasawa.

"Mwalimu, Aako alikuwa anasali au hasali?"

Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, wale akina mama waliopika leo umewaona? Waliobeba maji, waliochimba? Wengi wao wanasali. Wiki jana walikuwa kwa mjane wa kule ng'ambo, wiki ijayo watakuwa kwingine. Wanafanya hivyo kwa sababu wanajuana, na wanajuana kwa sababu kila Jumapili wanaonana. Kusali ni kujulikana. Babu yako Mungu alimjua. Lakini sisi hakutaka tumjue."

Sikumjibu. Maneno yale yalinikera kwa muda mrefu, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Hata slufay, kama nilivyosema, inahitaji waitikiaji. Mababu zetu hawakuwa watu wa kusali kila mtu kivyake. Aako mlangoni pale alikuwa amebaki kiongozi asiye na wa kumwitikia. Lakini bado nilijiuliza, kama kusali ni kujulikana na watu, basi kile alichofanya Aako kwa miaka yote ile kiitweje?

KATESH

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku, na matope, mawe na magogo yakaporomoka kutoka Mlima Hanang, yakafunika makazi ya Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Siku ya nne nilikwenda na binamu yangu kumtafuta shemeji yake. Tulimkuta mzima, tukabaki kusaidia.

Mahali walipohifadhiwa waathirika alikuwapo mama mmoja mzee. Nyumba imekwenda, simu imekwenda, na namba ya mtu yeyote haikumbuki kichwani. Vijana waliokuwa wanaandika majina wamemuuliza kijiji, wamemuuliza ukoo, mama anatikisa kichwa tu, ameduwaa. Mwishowe mmoja akachuchumaa mbele yake.

"Mama, unasali wapi?"

Hapo mama akainua uso. Akataja kanisa lake. Akataja hata jumuiya yake. Ikawa kazi ndogo: mtu akatumwa, mzee wa jumuiya akapatikana, na kabla ya jioni mpwa wake akaja kumchukua. Swali lilelile lililomfungia Aako mlango ndilo lililomfungulia mama yule.

Usiku huo, nilipokuwa nimejilaza, nilisikia watu wakisali pande zote. Wengine Kiswahili, wengine Kiiraqw, Muislamu mmoja kwenye kona akiswali isha, na mzee mmoja wa Kidatooga akinong'ona peke yake. Hapo hakuna aliyeuliza wapi.

SURA YA TATU

Nilirudi nyumbani nikalifungua daftari. Nimeelewa kwamba neno kusali limebeba mizigo miwili, na sisi watu wa Mbulu na Hanang tumezoea kuutazama mmoja. Mzigo wa kwanza ni kusema na Mungu. Wa pili ni kuwa na watu. Mzee wa kaunta buku aliulizia wa pili, mimi nikajibu wa kwanza, na kila mmoja akamwona mwenzake hajui Kiswahili. Kosa la mzee halikuwa kuuliza. Kosa lake lilikuwa kufunga daftari na kutoa jibu kwa mizigo yote miwili. Na kosa langu lilikuwa kudhani wa pili si kitu.

Kwa hiyo nimeandika hivi, na nimeacha hivyo: "Aako alikuwa anasali. Kanisani walikuwa hawamjui." Sentensi mbili badala ya moja. Sasa naweza kwenda sura ya nne.

Wewe mwandishi mwenzangu wa Tanga, wa Kigoma, wa Mbeya, huko kwenu mnaulizaje? Mnasema kusali, kuabudu, kwenda ibadani, au mna neno jingine? Ukiliona neno linatumika kwa namna ambayo kamusi haisemi, usilisahihishe haraka. Kaa nalo, uliza wazee, tafuta lilikopita. Huenda ndani yake kuna mtu wa kwenu ambaye bado hajaandikwa.